Injini ya Gari na Dhahabu ya Mama



Wako ndugu zetu wengi waliohama pwani kwa ajili ya kazi, wakafanya maskani yao kando ya barabara kuu ya Thika. Tuchukue mfano wa familia iliyoko Witeithie, baina ya Juja na Thika. Mwenye kwenda Nairobi na kurudi hutembea takriban kilomita 70 kwa siku. Kwa siku 250 za kazi ni kilomita 17,500 kwa mwaka, mbali na safari ya Idi kuja Mombasa. Gari lililoshushwa Kilindini likiwa limekwisha tembea kilomita 100,000 huko Japani, baada ya miaka 12 huwa limepita 300,000. Hapo ndipo fundi husema injini imekufa, na aghalabu macho ya nyumba huelekea kwenye bangili za mama.

Nasaha yetu ni hii: dhahabu isitoke sandukuni kabla injini haijapimwa. Wingi wa kilomita peke yake si ugonjwa. Moshi wa buluu ni alama ya oili kuungua. Moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji kupungua katika rejeta, mara nyingi huashiria gasketi, nayo hubadilishwa bila ya kununua injini. Mtakeni fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo katika kila silinda. Silinda ikiwa dhaifu, hutiwa oili kidogo ikapimwa tena: nguvu ikipanda, ringi za pistoni zimelika, isipopanda, huenda tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Vipimo viandikwe, na fundi wa pili avione.

Ikithibitika kuwa injini imechoka, itazameni bodi na giaboksi. Kutu ikiwa imekula chini na gia zinasita, injini njema haitaliokoa gari hilo. Vikiwa vizima, linganisheni gharama yote ya injini na bei ya gari jingine la aina hiyo lililo zima. Injini iliyotumika iwe ya aina ile ile, yenye risiti na dhamana ya maandishi. Na mabadiliko yake yaarifiwe NTSA, kwani namba ya injini imo katika hati ya gari.

Ama dhahabu, hiyo ni mali ya mke. Aya ya 4 ya Suratun Nisaa imemhalalishia mume katika mahari kile tu atakachopewa kwa ridhaa ya nafsi. Mke akitoa zawadi, ajulikane ametoa zawadi. Akikopesha, deni liandikwe pamoja na muda wake, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 282 ya Suratul Baqara. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kuyalinda mapenzi yasije yakaingiwa na dai.

Na mkiamua kuliuza, mnunuzi aambiwe aibu ya gari. Mtume (s.a.w.) alimkemea muuza chakula aliyeficha kilicholowa chini ya kikavu. Kuiosha injini ing'are na kutia oili nzito ili moshi usionekane siku ya kuuza ni jambo lile lile.

Wabillahi tawfiq.