Dola ya fedha ya mwaka 1921 si akiba ya ada ya mtoto

Swali ambalo linarudi sana hapa ni hili: "Kuna mtu anauza dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1921, anasema ni adimu na bei itapanda. Ninunue niweke akiba?" Wanaouliza wako Muscat, Doha, Texas, London. Jibu langu ni fupi: usiinunue kwa pesa ya nyumbani. Lakini "usinunue" peke yake haimsaidii mtu, kwa hiyo tufanye hesabu pamoja.

Bei ya sarafu hizi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni thamani ya madini. Ya pili ni nyongeza wanayolipa wakusanyaji kwa sababu sarafu ni adimu na hali yake ni nzuri. Muuzaji anayekutafuta wewe kwenye simu anakutoza sehemu zote mbili, lakini mara nyingi anachokukabidhi ni ya kwanza tu.

Tuanze na madini. Dola ya Morgan ilitengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, halafu tena 1921. Ikafuatiwa na dola ya Peace, iliyoanza mwaka huohuo wa 1921 na kuishia 1935. Zote mbili zina uzito wa gramu 26.73, na asilimia 90 ni fedha. Ukitoa mchanganyiko, unabaki na gramu 24 hivi za fedha safi. Wakia ya madini ni gramu 31.1, kwa hiyo sarafu moja ina wakia 0.77. Tazama bei ya wakia moja ya fedha siku hiyo, zidisha kwa 0.77, umepata thamani ya madini. Tuseme wakia ni dola 30: sarafu yako ina fedha ya dola 23. Mtu akikuuzia kwa 150, hizo 127 za juu lazima akuonyeshe zimetoka wapi.

Atakwambia zimetoka kwenye umri. Sasa hapo ndipo watu wengi wanapoumizwa. Umri ni kitu kimoja na uadimu ni kitu kingine. Dola za Morgan za mwaka 1921 zilitengenezwa zaidi ya milioni 86 katika viwanda vitatu: Philadelphia, Denver na San Francisco. Ina zaidi ya miaka mia, ni kweli, lakini zimejaa kila kona ya Marekani. Iliyochakaa kawaida inauzwa kwa bei isiyo mbali na ya madini yake.

Linganisha na senti kumi ya Mercury ya mwaka 1916. Hiyo ni kisarafu cha gramu 2.5 tu. Ya Philadelphia zilitengenezwa zaidi ya milioni 22. Ya Denver, mwaka uleule na sura ileile, zilitoka 264,000 tu. Kinachozitofautisha ni herufi ndogo D upande wa nyuma, na hiyo herufi ndiyo inaifanya ya Denver ilipwe mara nyingi zaidi ya ile nyingine. Robo dola ya Standing Liberty ya 1916 ni adimu zaidi, zilitengenezwa 52,000. Kwa hiyo mtu akikutajia mwaka bila kukutajia kiwanda, hajakwambia kitu.

Na uadimu wenyewe unaweza kukimbia. Chini ya sheria ya mwaka 1918, Serikali ya Marekani iliyeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270. Dola ya Morgan ya 1903 ya kiwanda cha New Orleans ilionekana kwa nadra sana, wakusanyaji wakaamini karibu zote zilikwenda na moto, wakailipia pesa nyingi. Mwaka 1962 hazina ya Serikali ikafungua mifuko iliyokuwa imelala kwa miongo, kumbe zimo! Bei ikaporomoka. Aliyekuwa ameweka akiba yake pale aliamka ana sarafu ileile, lakini soko lilikuwa limebadilika.

Sasa hali ya sarafu. Wakusanyaji wanaipima kwa daraja la 1 hadi 70. Kwenye dola ya Morgan, angalia nywele zilizo juu ya sikio la yule mwanamke, halafu kifua cha tai upande wa pili. Sehemu hizo zinalika mapema. Sarafu mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana bei mara kumi au zaidi kwa sababu moja imezunguka madukani na nyingine haijawahi kuguswa na soko. Tofauti ya daraja moja jicho lako na langu halitaiona. Lakini pesa inaiona.

Dada zangu mnaofanya kazi za ndani, hili ni lenu hasa. Mkono uliozoea kung'arisha vijiko na birika za fedha utatamani kuing'arisha na sarafu. Usiiguse kwa dawa, majivu, limau wala dawa ya meno. Mng'ao wa asili ukishaondoka haurudi, na mkusanyaji anayejua kazi yake ataona mikwaruzo na kupunguza bei papo hapo.

Halafu kuna bandia. Wapo wanaochukua ile senti kumi ya Philadelphia na kuibandika herufi D. Mizani ndogo na sumaku vinasaidia: fedha hainaswi na sumaku, na dola isiyokaribia gramu 26.73 ina maswali ya kujibu. Lakini sarafu iliyobandikwa herufi itapita vipimo vyote viwili, maana fedha yake ni halali. Ndiyo maana za bei kubwa hupelekwa kwa kampuni kama PCGS au NGC, zinapimwa na kufungwa kwenye kasha lenye namba. Namba hiyo inahakikiwa kwenye tovuti yao, na hata hivyo linganisha picha, kwa sababu makasha nayo yanaigwa. Ndugu wa Oman mnalijua hili kwa njia nyingine: riale ya Maria Theresa imeandikwa 1780, lakini iliendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyohiyo muda mrefu sana baadaye.

Kuna atakayesema, "Hata kama si adimu, fedha yenyewe inapanda." Inapanda, na inashuka. Aprili 2011 wakia ilifika karibu dola 49. Mwisho wa 2015 ilikuwa chini ya 14. Mtoto wako hawezi kusubiri miaka minne shule ikiwa imefunguliwa. Mama akilazwa usiku wa leo, unahitaji kitu kinachogeuka shilingi kesho asubuhi. Ukimpelekea sonara wa Kahama au Kisumu dola ya Morgan, ataipima kwenye mizani na kukulipa madini, tena kwa bei yake. Herufi ya kiwanda si shida yake.

Sisemi sarafu ni haramu. Kama una akiba ya dharura ya miezi kadhaa, huna deni la wakala wala la upatu, na unazipenda tu, nunua kwa pesa ambayo haina jina la mtu. Na kama umepewa zawadi, hasa nyie mnaotunza wazee Marekani na Uingereza, omba karatasi fupi yenye tarehe na saini ya aliyekupa, familia yake ijue. Watoto wakikuta sarafu za baba hazipo, karatasi hiyo ndiyo wakili wako wa kwanza. Piga picha pande zote mbili, iache ilivyo, na upate bei kwa wanunuzi wawili kabla ya kuuza. Andika kwenye daftari; mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa anayefuatwa na muuzaji, muulize manne: mwaka gani, kiwanda gani, daraja gani na nani amelipima. La mwisho lisikutoke kichwani: "Nikikurudishia leo hii, utainunua kwa bei gani?" Akikutajia dola 25 kwa kitu alichotaka kukuuzia 150, ameshakupigia hesabu yote mwenyewe. Tuma ada.