Betri za Mwezini na Bajaji za Vingunguti



Mwezi wa Julai 1971 Wamarekani wawili, Scott na Irwin, waliendesha gari juu ya mwezi. Halikutia petroli hata tone. Lilikwenda kwa betri mbili za fedha na zinki, nazo hazikufanywa kujazwa tena. Safari ilipokwisha, gari likaachwa huko huko. Lakini darubini ya Hubble, iliyopelekwa angani 1990, ilipewa betri za nikeli na hidrojeni. Zilijazwa kwa jua kila ilipoizunguka dunia, muda usiofika saa mbili, na zilidumu miaka 19 kabla ya kubadilishwa.

Dereva wa bajaji wa Vingunguti atauliza: yanihusu nini? Yanakuhusu sana, ndugu. Petroli unayotia kila siku yatoka ng'ambo. Bajaji za umeme zimekwisha ingia mjini, lakini betri ndiyo roho yake na ndiyo ghali. Ikifa, chombo chote kimelala.

Hatusemi betri ya Hubble ifungwe chini ya kiti cha bajaji. Ile ni nene, na gesi yake yataka chupa ya chuma kigumu. Twasema hivi: nikeli iliyomo ndani yake ndiyo imo pia katika betri nyingi za magari leo, pamoja na lithiamu na kinywe. Nikeli iko Kabanga, wilaya ya Ngara. Kinywe kiko Mahenge na Ruangwa. Umeme wa kujazia watoka Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Sasa tumepungukiwa nini?

Wazee wetu walikata katani, ikapanda meli, ikarudi kamba kwa bei ya mwenye kiwanda. Mkataba wa Kabanga wa Januari 2021 uliipa Serikali hisa 16 kwa mia, na ukataja kusafisha madini hapa nchini. Vema. Lakini nikeli safi ikipakiwa melini bado ni katani tu iliyooshwa.

Vingunguti ina viwanda na mafundi wanaosuka upya mota zilizoungua. Hao wafundishwe kuunga na kutengeneza betri, vyuo vya VETA vitoe walimu. Diwani na Mbunge wakija tawini, wanachama wasiwaulize habari za barabara peke yake. Wawaulize darasa hilo litafunguliwa lini, na katika jengo gani.