DAKTARI WA MENO NAYE NI MTU



Jino likiuma hulali. Huli vizuri. Ukisemeshwa unajibu kwa hasira. Maumivu ya jino humfanya hata mtu mpole awe mkali. Tunapokwenda kwa daktari wa meno, tunakwenda katika hali hiyo.

Sasa fikiri upande wa pili. Wewe unakwenda kwake siku moja. Yeye hupokea watu wenye maumivu kutwa nzima, kila siku ya kazi. Mmoja analia. Mwingine anamshika mkono asifanye kazi. Mtoto anamwuma vidole. Mzee amefumba kinywa, hataki kukifungua. Mwingine anatukana kwa sababu amengoja sana.

Leo nataka kusema jambo moja. Wengi wa wagonjwa wanaoitwa wasumbufu si watu wabaya. Ni watu waliochelewa, na tena wana hofu. Tukienda mapema, na daktari akitueleza vizuri, usumbufu mwingi utakwisha.

Kuchelewa huleta ugomvi

Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga hapa Dakawa. Jino linaanza kuuma wakati wa kupandikiza. Anasema, "Nitakwenda baadaye. Mpunga haungoji." Jino linatulia. Linauma tena wakati wa kuamia ndege. Anaweka karafuu. Anameza vidonge vya maumivu. Mavuno yanapokwisha, shavu limevimba. Hapo ndipo anapanda gari kwenda Morogoro mjini.

Daktari anampiga sindano ya ganzi. Lakini mahali penye usaha dawa ya ganzi haifanyi kazi sawasawa. Mgonjwa anasikia maumivu. Anapiga kelele na kusema, "Daktari huyu hajui kazi!" Kumbe daktari anajua kazi. Ugonjwa ndio umekomaa.

Wakati mwingine daktari hutoa usaha kwanza, au humpa mgonjwa dawa na kumwambia arudi. Mgonjwa hukasirika. Ametumia nauli, na jino bado limo kinywani. Lakini hakukataliwa. Daktari anataka kumwepusha na maumivu na hatari.

Na hatari ipo. Uvimbe wa jino unaweza kushuka chini ya taya mpaka shingoni, ukaziba njia ya hewa. Mtu anaweza kufa. Ukiona mtu amevimba chini ya taya, hawezi kumeza, au anapumua kwa shida, mpeleke hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

Kung'oa si dawa pekee

Tumezoea kusema kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Mimi sikubali. Tundu dogo linaweza kusafishwa na kuzibwa, na jino likabaki. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Daktari wa meno amesomea kuokoa meno. Lakini sisi tunamfikia wakati jino limekwisha oza. Basi anashinda kutwa akiyang'oa meno ambayo yangeweza kupona. Kazi ya namna hiyo huvunja moyo. Sisi tunapoteza meno, naye anapoteza furaha ya kazi yake.

Tena wataalamu hawa si wengi. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza hapa nchini, pale Muhimbili, mwaka 1979. Wako pia matabibu wa meno. Lakini hata leo madaktari wa meno wengi wako mijini. Akichoka mmoja, au akiomba kuhama, watu wengi hubaki bila huduma.

Kazi hii huchosha mwili pia. Daktari huinama juu ya kinywa cha mgonjwa kwa muda mrefu. Shingo, mgongo na mabega huuma. Mgonjwa akirusha mkono ghafla, sindano inaweza kumchoma daktari. Kwa njia hiyo anaweza kuambukizwa homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Daktari naye ana wajibu

Sisemi kwamba mgonjwa ndiye mwenye makosa siku zote. Mgonjwa ana haki ya kuheshimiwa. Daktari asimfokee wala kumcheka. Amweleze atakalofanya kabla ya kumgusa. Amwambie, "Ukisikia maumivu, inua mkono wa kushoto, nami nitasimama." Ishara hiyo ni ndogo, lakini hupunguza hofu. Mgonjwa anajua kwamba anaweza kumsimamisha daktari.

Daktari akiona hasira inampanda, asimame kidogo. Avute pumzi, anywe maji, anyooshe mgongo. Siku ikiwa nzito, azungumze na wenzake. Pombe haiondoi uchovu, huuongeza. Achanjwe chanjo ya homa ya ini. Nao wakuu wake wahakikishe kuna glavu, ganzi ya kutosha na nafasi ya kupumzika. Uvumilivu wa daktari hauwezi kufanya kazi ya ganzi iliyokwisha.

Sisi tufanye nini?

Kwanza, nenda mapema. Ukiona tundu, au jino likiuma unapokunywa maji baridi, usingoje.

Pili, usiende na njaa, maana unaweza kuzimia. Usinywe pombe ili kujipa ujasiri.

Tatu, sema ukweli. Mwambie daktari kama una mimba, kisukari au shinikizo la damu. Mwambie dawa unazotumia. Kama ukijikata damu yako haikatiki upesi, sema pia.

Nne, usimtishe mtoto kwa kusema, "Ukikosa adabu nitakupeleka ung'olewe jino!" Mtoto huyo atafika kwa daktari akiwa amekwisha ogopa.

Tano, baada ya kung'olewa, uma pamba kwa muda ulioambiwa. Usisukutue siku hiyo, ili damu igande na kufunika kidonda.

Sita, ukitendewa vibaya, usitukane wala usipige. Peleka malalamiko kwa mganga mfawidhi au kwa kamati ya kituo cha afya. Hiyo ni haki yako.

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana. Kisha walikwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Walielewa kwamba afya hailetwi na daktari peke yake. Ndivyo ilivyo kwa meno.

Leo kabla ya kulala, mtazame mtoto wako kinywani kwenye mwanga. Jitazame na wewe. Ukiona tundu, panga siku ya kwenda. Usingoje mavuno.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ganzi inaweza kushindwa kazi ukichelewa kwenda kutibiwa?
2. Ni mambo gani yanatuchelewesha hapa kijijini, nasi tuyaondoe vipi?
3. Ukitendewa vibaya na mtumishi wa afya, utapeleka wapi malalamiko yako?