Kila Nyumba na Sufuria Yake

Eti sherehe ya mtaa hapa Dallas, Embu, kila nyumba itume shilingi 500 kwa M-Pesa tukodi wapishi. Mimi nakataa. Mama mboga akikosa hiyo 500 atajifungia ndani siku nzima, akinusa pilau ya majirani. Lakini githeri hawezi kukosa! Basi tufunge barabara, kila mtu atoke na sufuria yake: Mmeru na mukimo, Mmbeere na ndengu, Mkamba na muthokoi. Mnasema vyakula havitalingana. Kwani sisi wenyewe tunalingana? Mpishi wa kukodi atatushibisha tu, hatatujulisha nani anaishi mlango wa pili. Na mheshimiwa akitaka kuja, karibu sana: abebe sufuria, maikrofoni aiache kwake.