SHILINGI YA NYERERE MILIONI 5? MASHABIKI BARIADI WANAPIGWA FIKSI

Kumekucha Bariadi! Kuna MC mmoja wa harusi, jina kapuni, kaposti shilingi ya mwaka 1966 yenye sura ya Mwalimu. Anataka milioni 5, eti ni adimu kwa sababu ni ya zamani. Vijana wamejaa inbox, wengine wanapigia hesabu pesa ya pamba ya mzee.

Jamani, ukongwe siyo uadimu. Shilingi za 1966 zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingine bado zimelala kwenye makopo ya mabibi. Hata sarafu ndogo za shaba za Warumi, zenye miaka zaidi ya 1,600, kuna ambazo Ulaya mtu anapata kwa bei ya chips kuku. Zilitengenezwa nyingi mno, na zinafukuliwa mpaka leo.

Adimu ya kweli ipo hapo Tabora tu. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamebanwa na vita, waligonga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Zilitoka kama 16,000 hivi. Mwaka huohuo, mji huohuo, wakatoa heller 20 za shaba zaidi ya milioni moja. Umri sawa, bei mbingu na ardhi. Na hata huyo tembo, akisuguliwa na majivu ang'ae au akitobolewa awe kidani, thamani inashuka.

MC anajua kuchangamsha ukumbi, hilo apewe. Ila mnunuzi wake hajaonekana hata mmoja, na "ada ya kushika nafasi" 50,000 tayari inapokelewa. Ya nini sasa?