Pima Mguu Kabla ya Kununua Baiskeli



Mwezi huu tunazungumza juu ya kipimo cha baiskeli. Watu wengi vijijini hununua baiskeli baada ya kuuza mazao. Wakifika dukani hutazama rangi, kengele, taa na keria. Fremu haitazamwi. Mnunuzi akiuliza, "Hii ni saizi gani, ndugu?" muuzaji humjibu, "Ishirini na nane." Mnunuzi huridhika, hulipa, huondoka.

Lakini 28 ni kipimo cha gurudumu, si cha fremu. Baiskeli mbili zinaweza kuwa na magurudumu ya inchi 28, na bado moja ikawa na fremu ya inchi 20 na nyingine inchi 24. Fremu hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedali mpaka mwisho wa bomba linaloshika nguzo ya kiti. Fremu ikizidi inchi 2, bomba la juu nalo hupanda karibu sentimita 5.

Kiti huinuliwa na kushushwa kwa spana. Fremu haibadiliki. Ukinunua kubwa, itabaki kubwa mpaka siku utakapoiuza.

Fikiri umefunga gunia la mahindi kwenye keria. Mbuzi anakatiza njia. Unafunga breki na kushusha mguu, lakini mguu haufiki chini vizuri. Mzigo unakuvuta upande mmoja, na bomba la juu linakupiga katikati ya miguu. Wanaume walioumia hivyo hawapendi kusimulia, lakini wapo.

Basi upime mguu nyumbani kabla ya kwenda dukani. Vaa viatu vyako vya kila siku. Simama wima, mgongo ukiegemea ukuta, miguu ikiachana kidogo. Weka kitabu kigumu katikati ya mapaja. Kivute juu mpaka kikubane kama kiti cha baiskeli, na upande wake mmoja uguse ukuta. Mwenzako achore alama ya mkaa ukutani, penye ukingo wa juu wa kitabu. Pima kutoka chini mpaka alama hiyo kwa utepe wa fundi cherehani. Andika namba hiyo.

Dukani, pima kutoka chini mpaka juu ya bomba, pale utakaposimama ukiwa umelipanda. Kwa barabara ya lami, nafasi ya sentimita 2 au 3 kati yako na bomba inatosha. Kwa njia zetu za mchanga, mawe na matope, tafuta nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Kama mguu wako ni sentimita 82, bomba lisizidi 77.

Hata wakimbiaji wa Ulaya hufikiri hivyo. Ubelgiji na Ufaransa kuna mashindano ya baiskeli za matopeni, yaitwayo saiklokrosi. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950. Mshindani hushuka, huweka baiskeli begani, hupanda kilima kwa miguu, kisha huirukia tena. Wengi wao huchagua fremu fupi kidogo kuliko ile ya lami. Mwananchi anayevuka kijito na baiskeli begani anaijua kazi hiyo, ila yeye hapewi kikombe.

Kama baiskeli ni ya nyumba nzima, usipime mguu wa baba peke yake. Mpime mtu mzima aliye mfupi kuliko wote watakaoitumia. Mrefu atainua kiti. Mfupi hawezi kushusha bomba. Kama mama ndiye atakayeitumia zaidi, kwa maji au kwa kwenda zahanati, afadhali ile isiyo na bomba la juu. Atapanda na kushuka bila taabu akiwa na kanga yake.

Fremu ndogo mno nayo ina ubaya wake. Magoti hukunjwa sana, na baada ya safari ndefu huuma kwa mbele. Ukiinua kiti, tazama alama iliyo kwenye nguzo yake. Kama haina alama, acha walau sentimita 7 ndani ya fremu. Ikibaki fupi kuliko hapo, nguzo yaweza kukatika au kupasua fremu.

Kiti kikae hivi: weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo. Kiuno kikiyumba huku na huku, shusha kiti. Na mikono ikifika kwenye usukani kwa kunyooka kabisa, fremu hiyo ni ndefu kwako.

Kwa baiskeli za mtumba, usiamini namba iliyobandikwa. Nyingi zina bomba la juu lililoinama, na viwanda havipimi namna moja. Amini utepe wako.

Kabla ya kulipa, omba kuiendesha kidogo. Panda, simama ghafla, kanyaga chini kwa miguu yote miwili. Rudia huku rafiki yako amekaa kwenye keria. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.