Barua ya jumuiya na maiti anayedaiwa

Nimekuwa kimya siku nyingi kwa sababu ya testi, ila hili limenikaa kooni na nisipolitoa leo sitasoma hata ukurasa mmoja.

Nasema hivi, na mnaotaka kunipiga mawe mjipange: kumnyima Mkatoliki mazishi ya Kanisa kwa sababu hajalipa zaka, au kwa sababu haonekani jumuiyani, ni makosa. Sisemi ni ukali, wala sisemi ni utaratibu uliozidi kidogo. Nasema ni makosa kwa sheria ya Kanisa lenyewe.

Ubishi ulianzia vimbwetani jana. Jamaa mmoja wa hosteli yetu alifiwa na baba yake mwaka jana, huko mjini kwao, parokia siitaji. Mzee kalala mochwari, ndugu wanakwenda kuomba Misa, wanaambiwa kwanza ilete kadi ya zaka. Kadi ina mapengo. Mchango wa ujenzi haujaisha. Basi usiku ule kaka zake wakachangishana kwa simu, naye akatoa bumu lake lote, deni likafutwa, asubuhi Misa ikasomwa vizuri kabisa na kwaya juu. Alisimulia kwa sauti ile ile ambayo mtu anasimulia foleni ya benki. Kilichoniudhi si hicho hata. Kilichoniudhi ni nusu ya waliokuwepo kusema, "Safi sana, ndiyo dawa yao."

Sasa mimi natokea Litumbandyosi, wilaya ya Mbinga. Kwa wasiopajua, ukifika Songea usishangilie, bado hujafika. Wamisionari Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898, na kutoka huko dini ikapanda mpaka milima ya Umatengo na kushuka upande wa ziwa. Mwaka 1986 tukapata jimbo letu la Mbinga, lililokatwa kutoka Songea. Kwenye familia kama yetu Ukatoliki si kitu cha Jumapili. Babu kabatizwa, bibi kabatizwa, mpaka mlevi wa kilabuni anajua wimbo wa kuingilia.

Na msiba wa kijijini kwetu mnaujua au mnaubahatisha? Anayeleta kuni ni jumuiya. Anayechota maji ni jumuiya. Unga, maharage, rozari ya usiku, vijana wa kuchimba kaburi, wote ni wale wale. Padri ana vigango vingi na mvua ikinyesha barabara inakuwa uji, kwa hiyo mara nyingi anayezika ni katekista na kitabu chake cha ibada. Kwa hiyo mtu akisema "huyu Kanisa halimziki," huko kijijini maana yake si kwamba umekosa padri tu. Maana yake majirani wanaambiwa wakae nyumbani. Mjini utakodi watu, utakodi gari, utakodi hata wa kulia ukitaka. Kijijini utamkodi nani?

Najua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuidharau kwa sababu ina uzito. Kuna mtu miaka kumi hajakanyaga jumuiyani. Wenzake wanafiwa, yeye anapita na pikipiki yake. Siku anakufa, watoto wanatoka Dar na jeneza la bei mbaya na mpiga video, wanataka padri, kwaya, na wale akina mama wapike. Mama ambaye amebebea wenzake ndoo za maji miaka yote hiyo ana haki ya kununa. Hata mimi ningenuna. Na Kanisa linaendeshwa kwa pesa, mabati hayashuki kutoka mbinguni. Kanuni ya 222 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema waamini wana wajibu wa kulitegemeza Kanisa kwa mahitaji yake. Mimi zaka natoa. Bumu likichelewa natoa kidogo, ila natoa.

Lakini sheria hiyo hiyo, fungueni kanuni ya 1184, inataja ni nani wa kunyimwa mazishi. Walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa. Waliochagua kuchomwa moto kwa sababu za kupinga imani ya Kikristo. Na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Na wote hao, kama kabla ya kufa walionyesha dalili yoyote ya toba, wanazikwa. Zaka iko wapi hapo? Haipo. Kuna mtaalamu mmoja jana akadai asiyelipa zaka ndiye "mdhambi wa wazi". Sawa bwana, tuseme kuna shaka. Kanuni hiyo hiyo inasema kukiwa na shaka anaulizwa askofu, na uamuzi wake ndio unafuatwa. Askofu! Katibu wa jumuiya mwenye daftari la mistari hajatajwa popote.

Halafu nendeni kanuni ya 1181: sadaka za mazishi zisilete upendeleo, na maskini wasikose mazishi yanayostahili. Kanuni ya 848 inasema vivyo hivyo kuhusu sakramenti, kwamba mhitaji asikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Marehemu Papa Fransisko naye aliwaambia watu Roma, Machi 2018, kwamba Misa hailipiwi. Wengine mnasema hayo ni ya Ulaya. Ulaya gani? Sheria ni moja.

Na hizi jumuiya ndogo ndogo zenyewe, mnajua zilitoka wapi? Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, katika AMECEA, walizipa kipaumbele kwenye mikutano yao ya Nairobi, mwaka 1973 na 1976. Wazo lilikuwa majirani wafahamiane, wasome Neno pamoja, wasaidiane kwenye shida. Kwetu zikaota vizuri kwa sababu watu tayari walikuwa wamezoea nyumba kumi kumi. Ni kitu kizuri, na mimi nimekulia humo. Ila mahali pengine zimegeuka kama ofisi ya mtendaji: huna risiti, huna huduma.

Sisi wanafunzi ndio tunaumia kimyakimya. Unataka kufunga ndoa au kubatiza mtoto (ndiyo, wapo wenye watoto hapa chuoni, msijifanye hamjui), unaambiwa lete barua ya jumuiya. Ya huku wanasema wewe ni wa kwenu. Ya kwenu wanasema uliondoka ukiwa fomu foo, hatukujui. Unabaki unaning'inia kama popo. Sasa sikilizeni, hili wengi hamjaambiwa. Kanuni ya 102 na ya 107 zinasema ukikaa eneo la parokia miezi mitatu, au ukija kwa nia ya kukaa miezi hiyo, umeshapata makao ya muda pale, na paroko wa pale ni paroko wako. Semista moja inatosha! Mtu wa mwaka wa tatu kuambiwa "wewe si wa hapa" ni kichekesho.

Tusichanganye mambo lakini. Cheti cha ubatizo lazima ukifuate ulikobatizwa, kwa sababu kipaimara na ndoa vinaandikwa kwenye daftari la ubatizo, na hapo ndipo padri anajua kama una mke mwingine Mbamba Bay. Hiyo nauli lipa, usilalamike. Ninayoipinga ni barua ya kusema hudaiwi.

Deni la zaka lina mdaiwa, naye alikuwa hai jana na juzi. Walikuwa wapi kumwendea? Mwenyekiti hajawahi kubisha hodi kwake na kumuuliza, "Baba, mbona hatukuoni, kuna nini?" Labda alikuwa mgonjwa. Labda kahawa ilikosa bei. Labda ni mkorofi tu. Mtu hatafutwi akiwa na masikio, anatafutwa akiwa kwenye jeneza, na anayelipa ni mjane ambaye pengine hakukosa ibada hata moja.

Likizo hii nikifika nyumbani nitaomba nafasi kwenye jumuiya yetu, baada ya tafakari na kabla ya matangazo. Nitaomba siku ya msiba daftari lisifunguliwe kabisa, na mwenye madai na familia aende baada ya matanga. Wazee watanifokea, nawajua. Mzee mmoja ataniuliza hizo kanuni nimezitoa chuo gani, kwa hiyo nachapa nakala kabisa.